Somo la kwanza la jikoni: maharage ya nazi, wali mweupe na mchicha

Kijana wangu alihamia Dodoma kuanza kazi, na kwa miezi miwili ya mwanzo alikuwa akila chipsi mayai karibu kila jioni. Siku alipoamua kujipikia alinunua robo kilo ya maharage, akayaosha, akayabandika pamoja na nyanya, kitunguu, chumvi na mafuta kwa mpigo mmoja, kisha akakaa kuyasubiri. Saa nne usiku alinipigia simu. Alinieleza kwamba maganda yalikuwa yamejikunja, lakini ukiipasua punje, ndani ilikuwa ngumu na nyeupe kama chaki, na gesi ilikuwa inaelekea kwisha. Hakukosea kitoweleo hata kimoja. Alichokosea ni mpangilio. Nyanya zina asidi, na asidi huyazuia maharage yasilainike hata ukizidisha moto namna gani.

Somo hili nimeliandika kwa ajili ya mtu kama yeye, ambaye amepata chumba chake, ana jiko moja na sufuria mbili au tatu, na hajawahi kusimama jikoni peke yake. Sianzi na pilau wala biriani, kwa sababu anayeanza hana haja ya viungo vingi kabla hajazoea maji na moto. Akishajua maji yanatosha lini na moto upunguzwe lini, vyakula vingine vyote vitamfuata kwa urahisi.

Mahitaji ya watu watatu ni haya: robo kilo ya maharage, vikombe viwili vya mchele, nazi moja, fungu moja kubwa la mchicha, vitunguu maji viwili, nyanya mbili zilizoiva vizuri, karoti moja, mafuta ya kupikia na chumvi. Ukitaka kula saa mbili usiku, maharage yawe jikoni saa kumi na moja jioni, mchele uingie majini yapata saa moja na robo, na mchicha uwe wa mwisho kabisa.

Hatua ya kwanza: kuchagua na kuloweka

Yamwage maharage kwenye sinia kidogo kidogo, uyapitishe chini ya vidole ukitoa mawe, udongo na punje zilizotobolewa na wadudu. Usiifanye kazi hii kwa haraka, kwani jiwe moja huvunja jino. Yaoshe, uyaloweke kwa maji mengi usiku kucha, au tangu asubuhi unapotoka kwenda kazini. Maharage hunywa maji na kuvimba karibu mara mbili ya ukubwa wake, hivyo chombo kiwe kikubwa. Maji ya kulowekea yamwage yote. Ukiwa sokoni muulize muuzaji kama ni maharage ya msimu huu, kwa kuwa yaliyokaa ghalani muda mrefu huwa magumu, na hakuna ufundi wa jikoni unaoyarudisha sawasawa.

Hatua ya pili: kuchemsha

Bandika maharage na maji mapya yaliyopita juu yake kwa kiasi cha vidole vitatu vilivyolazwa. Usitie nyanya, ndimu wala kitu chochote kichachu. Moto uwe mkali mpaka yachemke kwa nguvu, na uyaache yatokote hivyo kwa dakika zisizopungua 10, ndipo upunguze. Dakika hizo nazisisitiza kwa moyo wote. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini ambayo humfanya mtu atapike na kuharisha ndani ya saa chache. Mchemko wa nguvu huiharibu, ilhali moto hafifu peke yake hautoshi hata kama yatakaa jikoni nusu siku.

Baada ya hapo yafunike, yaendelee kwa moto wa wastani kwa saa moja hadi moja na nusu. Maji yakipungua, ongeza ya moto, kwa maana ya baridi hukata mchemko na kukupotezea gesi au mkaa. Kujua kama yameiva, chota punje chache kwa kijiko na uzipulize: ganda likipasuka na kujifunua, yamekaribia. Kisha ibonyeze punje moja kati ya kidole gumba na cha shahada. Isagike yote kama viazi vilivyopondwa, isiache kiini. Zibonyeze tano zaidi kutoka sehemu mbalimbali za sufuria, kwa sababu moja kuiva si dalili ya kwamba zote zimeiva.

Hatua ya tatu: kuunga kwa nazi

Ikune nazi, uitie maji ya uvuguvugu kikombe kimoja, uikamue na kuichuja. Hilo ndilo tui zito, liweke kando. Rudia kwa vikombe viwili vya maji upate tui jepesi. Katika sufuria nyingine kaanga kitunguu mpaka kilainike, tia karoti, kisha nyanya, na uzikaange nyanya hadi mafuta yajitenge pembeni. Sasa, maharage yakiwa yameshaiva, nyanya haziwezi kuyadhuru tena. Yamimine, tia tui jepesi na chumvi, yachemke dakika 10.

Tui zito lina tabia yake. Ukilimimina na kuligeuzia mgongo, hukatika: mafuta yanajitenga juu, maji yanabaki chini, na mchuzi unakuwa na chembechembe. Punguza moto, mimina taratibu, chukua upawa uwe unachota na kumwagia humo humo bila kuacha mpaka lichemke. Usifunike. Likishachemka kwa dakika nne au tano na mchuzi ukashika mgongo wa upawa, epua.

Hatua ya nne: wali

Chagua mchele kama ulivyochagua maharage, ukitoa chuya na mawe, uuoshe mara mbili au tatu, kisha uuchuje. Chemsha vikombe vitatu vya maji pamoja na chumvi kijiko kimoja cha chai na mafuta kijiko kimoja cha chakula, na pembeni weka nusu kikombe cha maji ya moto ya akiba. Akiba hiyo ina sababu: mchele uliotoka kuvunwa huhitaji maji machache kuliko wa zamani, na mwenye duka si kila mara atajua alionao ni upi. Kikombe ulichopimia mchele ndicho upimie maji.

Maji yakichemka tia mchele, ukoroge mara moja tu, funika. Baada ya dakika kama nane utaona maji yametoweka juu na vitundu vidogo vimejitokeza vikipumua mvuke. Hapo onja punje moja. Ikiwa na kiini kigumu sana, nyunyizia akiba yako; ikiwa imelainika na kubakiza ugumu kidogo katikati, geuza wali taratibu kwa mwiko kutoka chini kwenda juu, punguza moto kabisa, funika vizuri na uuache dakika 15. Kwa jiko la mkaa, punguza makaa chini na uyapalie mengine juu ya mfuniko wa bati, wali uive juu na chini. Usiufunue kila dakika, maana mvuke ndio unaomalizia kazi.

Hatua ya tano: mchicha

Osha mchicha kabla ya kuukata, katika beseni la maji mengi, ukiutoa juu ili mchanga ubaki chini; rudia mpaka beseni lisiwe na mchanga. Kaanga kitunguu, tia mchicha bila kuongeza maji, chumvi kidogo, geuzageuza kwa dakika tano, epua ungali wa kijani.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Njombe: Shikamoo mama. Nimeloweka usiku kucha na kufuata yote, lakini baada ya saa mbili maharage yangu bado magumu. Nitie magadi?

Marahaba, mwanangu. Njombe iko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na huko maji huchemka yakiwa na nyuzi 93 hivi badala ya 100. Chakula chako kinachemka sawasawa, ila kinapikwa na maji yenye joto dogo kuliko ya Tanga, kwa hiyo ongeza muda. Ukimudu kununua sufuria ya presha, ndani yake joto hufikia karibu nyuzi 120 na utaokoa nishati nyingi. Magadi hulainisha kweli, lakini hupunguza vitamini B1, na baadhi ya magadi ya asili yana floridi nyingi inayoharibu meno ya watoto. Mimi siyatumii.

Mwanachama, Muscat: Dada, huku natumia tui la kopo. Niligawe vipi?

Kopo la mililita 400 linatosha. Litikise, chota nusu uichanganye na kikombe kimoja cha maji iwe tui jepesi, na nusu iliyobaki itie mwishoni. Matui mengine ya kopo hutiwa viungo vya kuzuia kukatika, lakini wewe endelea kukoroga.

Mwanachama, Morogoro: Wali umeungua chini na wote unanuka moshi. Kuna dawa?

Usiukoroge wala usikwangue chini. Uepue mara moja, hamishia wali wa juu katika sufuria nyingine bila kugusa ukoko, na uuache wazi dakika chache mvuke utoke. Harufu iliyokwisha kuingia haitoki yote, na siku nyingine tafuta sufuria yenye kitako kinene.

Mwanachama, Dar es Salaam: Mvua zikinyesha sina pa kupikia nje. Naweza kuingiza jiko la mkaa chumbani nikiacha dirisha wazi kidogo?

Hapana, mdogo wangu, nakuomba usifanye hivyo. Makaa, hata yale mekundu yasiyotoa moshi, hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Mtu huanza kuumwa kichwa na kusikia usingizi, hulala, na wengine hawaamki. Dirisha lililoachwa wazi kidogo si kinga. Pika barazani chini ya paa, na usiku usiingize jiko ndani hata kama unadhani limezimika. Ukihamia kwenye gesi, pakaa povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na mtungi. Povu likitoa mapovu mapya, gesi inavuja. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutanda sakafuni, hivyo ukisikia harufu yake funga mtungi, fungua mlango na madirisha, na usiwashe kiberiti wala swichi ya taa.

Mwanachama, Kigoma: Napika mara moja kwa siku. Kiporo cha wali na maharage ya nazi kitafika kesho mchana bila friji?

Cha nazi hakitafika, kwani huchacha upesi. Kama huna friji, yagawe maharage kabla ya kuyaunga, uyatie tui yale ya siku hiyo tu, na hayo mengine uyachemshe tena vizuri usiku kabla ya kulala na asubuhi kabla ya kutoka. Kuhusu wali, kuna bakteria ambao vijimbegu vyao havifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa kwenye joto saa nyingi, vijimbegu hivyo huamka na bakteria hutoa sumu ambayo kuupasha moto hakuiondoi. Pika wa kutosha mlo mmoja. Kikombe kimoja cha mchele kwa maji kikombe kimoja na nusu kinamshibisha mtu mmoja, na hakuna kitakacholala.