Kumpima sukari paka asiyetulia

Mwongozo huu umetokana na kumsaidia rafiki ambaye paka wake akisikia tu kichupa cha stripu (vijikaratasi vya kupimia sukari ya damu) kinafunguliwa, tayari yuko chini ya kitanda. Daktari wa mifugo alimwonyesha vizuri namna ya kupima, ila paka aliyeduwaa kwa woga kliniki si yule anayekukwepa nyumbani.

Usumbufu huu una sababu. Woga hupandisha sukari ya paka, hata paka asiye na kisukari, kwa hiyo namba ya kliniki inaweza kukudanganya. Tena wapo paka ambao wakianza insulini na chakula chenye wanga kidogo, kisukari chao hutulia hadi hawahitaji sindano tena. Usipopima, utaendelea kumchoma dozi ambayo sasa ni hatari. Pima kabla ya kila sindano ya insulini.

Vifaa

Zipo mashine za kupima sukari za wanyama, kama AlphaTrak, na zipo za binadamu. Ya binadamu kwa kawaida humsoma paka chini kuliko hali halisi. Mimi sina ugomvi nayo, maana siku za mwanzo utaharibu stripu nyingi na za binadamu hupatikana kwa urahisi. Sharti ni moja: chagua mashine moja, mwambie daktari ni ipi, usibadilishe kiholela wala kulinganisha namba za mashine mbili. Hakikisha pia inatosheka na tone dogo sana la damu, ambalo utalitoa sikioni, na kwamba stripu inafyonza damu yenyewe.

Lanseti (kisindano cha kutobolea): namba ikiwa kubwa, sindano ni nyembamba. Anza na 26 au 28. Za 30 na kuendelea zinavutia kwa kuwa hazitishi, lakini mikononi mwa anayeanza hazitoi damu, na utajikuta unamtoboa paka mara nne badala ya moja. Ile kalamu ya springi inayorusha lanseti siipendi. Inalia karibu kabisa na sikio, na inakuziba usione unapotoboa. Shika lanseti kwa vidole.

Hatua ya 1: Mzoeshe bila sindano

Kwa siku kadhaa, mahali pale pale na saa zile zile, mguse sikio, mpe kipande cha nyama iliyochemshwa bila chumvi, mwachie aende. Usimfuate mafichoni kwake, maana ukimvuta kutoka huko mara moja tu umeharibu kazi ya wiki. Piga magoti sakafuni na umweke katikati ya miguu yako, mgongo wake ukielekea kwako, ili asiweze kurudi nyuma. Kumfunga kwa taulo ni njia ya mwisho: paka wengi wakibanwa hupigana zaidi, na purukushani yenyewe hupandisha sukari unayotaka kuipima.

Hatua ya 2: Andaa kila kitu kabla ya kumwita

Kuhusu kuandaa mashine na stripu, karatasi ya maelezo iliyo ndani ya boksi inatosha.

Hatua ya 3: Pasha sikio, kisha utoboe

Hapa ndipo watu hukata tamaa, na mara nyingi tatizo si paka wala mkono unaotetemeka. Sikio ni la baridi. Mishipa midogo ikiwa imejikunja kwa baridi, hata utoboe vipi, damu haitoki.

Tia mchele mkavu kwenye soksi safi, funga, pasha kwenye maikrowevu, kisha ujaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono wako upande wa ndani. Uwe na joto la kupendeza, usiunguze. Shikilia kwenye sikio kwa nusu dakika hadi dakika moja. Usihesabu muda tu: gusa sikio lenyewe ulisikie limepata joto. Kitambaa cha maji moto nacho kinafaa, lakini kausha sikio vizuri, kwa sababu maji yakichanganyika na damu namba inaharibika. Spiriti usipake, inawasha, na paka hasahau.

Sasa tafuta mahali. Mulika tochi nyuma ya sikio utaona mshipa unaopita sambamba na ukingo. Usiutoboe huo, utavilia damu. Toboa kati yake na ukingo. Kwa paka mweusi au mwenye manyoya mengi, paka mafuta ya mgando kidogo sana: manyoya yatalala na damu itakusanyika kuwa tone badala ya kutambaa. Ukizidisha, mafuta yataziba stripu.

Weka pamba nyuma ya sikio ili usijitoboe kidole, kisha toboa kwa mchomo mmoja wa haraka. Ukisitasita ndipo anaposhtuka. Tone lisipotokea, sukuma taratibu kwa kidole kuelekea kwenye tundu, bila kuminya kwa nguvu. Likikataa kabisa baada ya jaribio la pili, mwache, mpe nyama yake, rudi baadaye na sikio la pili, ukilipasha upya.

Kwa paka anayetikisa kichwa, ujanja ulio bora kuliko yote ni huu: usipeleke stripu sikioni. Chota tone kwa ukucha wako safi na mkavu, mwachie paka aende zake, kisha gusisha stripu kwenye ukucha. Fanya upesi kabla damu haijaganda.

Hatua ya 4: Bana kwa pamba

Sekunde chache, kisha nyama. Nyama hutolewa hata ukishindwa kupata damu.

Hatua ya 5: Soma namba

Kwa mashine ya wanyama, paka asiye na kisukari huwa takriban 80 hadi 120 (miligramu kwa desilita). Mashine yako ikionyesha milimoli kwa lita, zidisha kwa 18. Muulize daktari namba ambayo chini yake humchomi insulini bila kumpigia kwanza, uibandike ukutani.

Chini ya 60, mpe chakula papo hapo, mpigie daktari na upime tena baada ya dakika 15. Akiyumba, akitetemeka au kulegea, mpake asali kwenye fizi na umkimbize kliniki. Akiwa na degedege usimmiminie kitu mdomoni.

Daktari akitaka kuona mwenendo wa siku nzima, utapima kila baada ya saa 2 kwa saa 12. Andika muda, namba, dozi, alichokula, na kama alipigana. Kwa paka ambaye hakubali kabisa zoezi hilo, uliza kuhusu sensa, yaani kifaa cha kupima sukari kinachobandikwa kwenye ngozi, kama FreeStyle Libre. Imeundwa kukaa kama wiki mbili, ingawa kwa paka mara nyingi hubanduka mapema. Husoma majimaji ya chini ya ngozi, hivyo huchelewa kidogo nyuma ya damu, na namba ya chini ikitokea, hakikisha kwa tone la sikio kabla ya kubadili lolote.