Somo: kusaka visanamu vya Mr. Everywhere na sarafu zote ndani ya Resident Evil 7 (maswali yako chini)

Haya wasee, hili somo ni la wale wako ndani ya Resident Evil 7, ile gemu ya kutisha, na wamekwama kwa visanamu, umepata kumi na kitu, hesabu imekataa kusonga na umechoka kuzunguka nyumba ya kina Baker, ile familia ya wabaya, huku Jack, baba yao, anakufukuza. Gemu ilitoka Januari 2017 lakini huku mtaani bado inachezwa sana, ukishuka Luthuli Avenue hapa Nairobi utapata tu diski ya mtumba ya PS4, kwa hivyo kuna watu wanaianza saa hii na hao ndio nawaandikia zaidi. Kama hujacheza kabisa, jua nitataja mambo ya hadithi huko mbele.

Tunasaka vitu viwili. Cha kwanza ni Mr. Everywhere, kisanamu kidogo kichwa kinatikisikatikisika, viko 20 gemu nzima na ukivunja vyote unapata trofi, ile tuzo ya ndani ya gemu, inaitwa Mad Pelicans. Cha pili ni sarafu za kale, ziko 18 ukicheza kiwango cha Easy ama Normal, na ukipanda Madhouse, kile kigumu zaidi, zinakuwa 33. Visanamu ni vya sifa na trofi, sarafu ndizo zinakusaidia kubaki hai, tutafika hapo.

Sitawapa orodha ya kona zote 20, na nimefanya hivyo kwa makusudi kabisa. Orodha ziko nyingi huko nje. Lakini mtu anayecheza na video ya mwingine kwa simu anapita ile nyumba kama mtu anakimbilia mat ya mwisho, haoni picha ukutani, hasomi barua, hata hashtuki vizuri, na pesa ya hiyo diski ulilipa ili ushtuke. Hii gemu visanamu vyake vinasikika kabla vionekane. Ukijifunza kusikiliza utavipata mwenyewe na utaridhika zaidi, naamini hivyo kabisa.

Hatua ya kwanza, masikio

Tafuta hedifoni, hata zile za bei ya chini za waya, bora zitofautishe kushoto na kulia. Spika za TV zinachanganya kila kitu mbele yako. Na saa ni muhimu, jioni huku kwetu mat zinapiga honi stejini, boda zinapita, jirani amefungulia injili, hutasikia kitu. Mimi hupenda baada ya saa tano usiku mtaa ukishatulia.

Kisanamu kinatoa mlio mdogo mkavu, wa kitu kinachotikisika bila kuacha. Sasa fanya hivi. Ukiingia chumba simama hapo mlangoni, toa kidole kwa kijiti cha analogi cha kushoto kabisa, Ethan, yule unayemcheza, asitembee, maana hatua zake kwa zile mbao zinafunika mlio. Tulia sekunde kadhaa. Ukisikia, zungusha kamera polepole na analogi ya kulia bila kusonga hata kidogo, mlio ukiwa sikio la kushoto geuka kushoto, endelea mpaka usikike sawasawa masikio yote mawili. Hapo kisanamu kiko mbele yako ama kiko nyuma yako moja kwa moja, hedifoni hazitakwambia ni gani. Piga hatua mbili mbele usimame tena. Mlio ukipanda uko sawa, ukishuka geuka nyuma. Ukifika pahali mlio una nguvu na bado huoni kitu, usiondoke, angalia juu kwanza halafu chuchumaa uangalie chini.

Hatua ya pili, safisha chumba kabla ya kusaka

Huwezi kusikiliza mlio mdogo na lile jitu la kuvu linakukoromea nyuma. Ua ama hepa kwanza. Kule chini kwa processing area, basement ya nyumba kubwa, wale wa kuvu wakiisha ndio unaanza kazi. Jack akiwa anazunguka nyumba kubwa usipoteze risasi ukidhani utamuua afe, mpoteze, jifiche, ingia chumba cha kusevu, kile chenye muziki laini, boksi kubwa la vitu na rekoda ya kaseti, utulie halafu urudi pale ulikuwa umeacha.

Kwa Lucas, kijana wa kina Baker, kule testing area ongeza uangalifu. Ameweka nyaya za mitego na masanduku mengine yana bomu ndani, yanafanana na yale ya kawaida ya kuvunja na kisu. Hapo kimbelembele cha kuvunja kila kitu kitakumaliza, angalia sanduku vizuri kwanza, ukiwa na shaka lipige risasi ukiwa mbali.

Hatua ya tatu, macho

Fuata ukuta mmoja mpaka urudi mlangoni. Ukimaliza, chuchumaa ufanye mzunguko mwingine, chini ya meza, chini ya vitanda, nyuma ya viti. Halafu kabla utoke, geuka. Kila chumba kina upande wake ambao unauona tu ukiwa unatoka, nyuma ya mlango ulioingilia, juu ya kabati ulilopita, na watengenezaji wanajua mtu akiingia macho yanaenda mbele. Droo zilizofungwa unazifungua na kale kachuma ka kufungulia kufuli, ukikapata usikatupe kwa boksi ukasahau.

Kisanamu vunja na kisu kama unakifikia. Risasi iweke kwa vile viko juu ama mbali, na hata hapo tumia bastola ya kawaida.

Hatua ya nne, dawa ya kuona

Kuna vidonge vya saikostimulanti. Ukimeza, kwa muda mfupi vitu vya kuokota vilivyo karibu vinajionyesha hata kama vimefichwa. Watu wengi wanavimeza kwa korido ama wanaviacha kwa boksi mpaka gemu iishe. Meza ukiwa umeshasafisha sehemu kubwa yenye vyumba vimeshikana, milango yote umeifungua tayari, halafu pita haraka. Nakushauri hiyo dawa uihesabu ya sarafu na risasi, visanamu baki navyo kwa masikio.

Hatua ya tano, kaseti za video

Hapa ndipo napenda hii gemu sana. Kaseti za VHS si hadithi tu, zinakufunza nyumba. Ile ya kwanza, Derelict House Footage, unacheza ukiwa Clancy, yule wa kamera, na ndani ya kaseti unagundua kuna kitu cha kuvuta pale pa kuotea moto na ukutani kunafunguka njia ya siri. Kaseti ikiisha wewe ni Ethan tena, uko kwa nyumba ileile, unaenda palepale unavuta, njia hiyo hapo. Kwa hivyo ukipata kaseti usiiweke kando, tafuta TV uitazame kabla ya kuendelea kusaka, na ukiwa ndani angalia rafu na kona maana utazipitia tena kwa miguu yako.

Hatua ya sita, milango ya kutorudi

Hii ndiyo inaumiza watu. Guest house, ile nyumba ya kwanza kabisa, ukishatolewa hapo ukajikuta kwa meza ya chakula na familia, huirudii mpaka mwisho wa hadithi. Maliza kila chumba hapo kabla mambo yaharibike. Mlango wa pili ni boti. Ukishachagua kati ya Mia, mke wa Ethan, na Zoe, binti wa kina Baker, ukapanda boti, nyumba kubwa, uwanja, nyumba ya kale na testing area zote zimefungwa. Mbele yako inabaki meli na machimbo ya chumvi, na huko pia kuna vya kusaka kwa hivyo usilegeze masikio.

Sevu kwa nafasi tofauti kabla ya kila mlango wa namna hiyo, usibandike juu ya sevu ya zamani. Nafasi ziko nyingi, zitumie.

Hatua ya saba, sarafu unazipeleka wapi

Kwa uwanja nje ya nyumba kubwa, ukishafungua ule mlango wa vichwa vitatu vya mbwa, kuna trela. Hapo kuna matundu ya ndege yaliyofungwa yanataka sarafu. Kwa Normal stabilaiza ni sarafu 3, steroidi 5, na magnamu 9. Steroidi inaongeza afya yako moja kwa moja, stabilaiza inafanya ujaze risasi haraka, magnamu ni bastola yenye nguvu sana. Wengi wanakimbilia magnamu sababu inaonekana poa lakini mimi nakwambia anza na steroidi, faida yake unaibeba kila sekunde mpaka mwisho, na magnamu risasi zake ni chache. Hesabu sarafu zako hapo kwa trela kabla ya boti, ukiona una chache sana rudi ndani na vidonge.

Maswali ya wanachama

Kevo_254: Mkubwa asante. Niko basement, mlio nausikia poa kabisa lakini chumba kitupu, nimezunguka mpaka kichwa kinauma.

Jibu: Pole bro. Mlio unaweza kuwa unatoka chumba cha pili. Simama katikati ya chumba halafu ukaribie kila ukuta mmoja mmoja, ule ukuta mlio unapanda ukikaribia, toka uzunguke uingie upande wake mwingine. Kama haupandi ukuta wowote, inua kamera juu kabisa, mabomba na rafu za juu watu hawaangaliagi.

mama_wa_gemu: Habari zenu vijana. Mimi hucheza wanangu wakilala, na hedifoni naogopa mtoto akilia sitasikia. Kuna njia?

Jibu: Habari mama, karibu sana. Vaa upande mmoja tu, sikio lingine uwachie watoto. Utapoteza kushoto na kulia lakini mlio kupanda na kushuka utasikia, kwa hivyo tumia ile ya kusogea hatua mbili na kusimama, badala ya kuzungusha kamera. Itachukua muda zaidi lakini inafanya kazi. Na umefanya vizuri kungoja walale, Ulaya hii gemu imewekwa ya miaka 18 kwenda juu.

Dullah Eastlands: Stima ilipotea nikiwa nimevunja viwili, nimerudi sijui kama vimehesabiwa ama la.

Jibu: Pole buda. Rudi pale ulivivunjia uangalie na macho yako, kikiwa hapo vunja tena, haigharimu kitu ukitumia kisu. Na siku stima inachezacheza sevu kila ukipita karibu na rekoda, usingoje gemu ijisevu yenyewe.

Shiko: Nimemaliza Normal na sarafu zote, nikienda Madhouse nitafuata njia ileile si ndiyo?

Jibu: Hapana dada, sarafu za Madhouse zimehamishwa na zimeongezeka, usitegemee kumbukumbu. Pia huko kusevu kunataka kanda za kaseti na ni chache, kwa hivyo panga safari, saka sehemu nzima kwanza, kusanya, halafu sevu mara moja. Ushauri wangu chukua visanamu vyote kwa Normal ukiwa na amani, Madhouse uende na kazi ya sarafu tu.

njugush_pro: Hii ya masikio inafanya kwa Resident zingine ama ni hii pekee?

Jibu: Inafanya sana kwa Resident Evil 4 mpya ya 2023. Kuna visanamu 16 vya Clockwork Castellan, vina mitambo ndani na mlio wake unasikika kabla uvione, ukivunja vyote unapata kisu cha Primal Knife. Kwa Resident Evil 2 ya 2019 kuna Mr. Raccoon 15, vimegawanywa kwa Leon na Claire, lakini huko una msaada wa ramani, chumba kikiwa chekundu bado kuna kitu cha kuokota na kikiwa buluu umemaliza. Resident 7 ramani yake haikwambii hivyo, ndiyo maana nimesisitiza mzunguko wa ukuta.

Kevo_254: Nimekipata!! Kilikuwa chumba cha pili kweli.

Jibu: Safi sana bro. Hicho chumba ulichokipatia, kimalize na sarafu pia ukiwa bado huko.

Wanjala_: Mimi nimeshapanda boti na nina visanamu 14. Kuna njia ya kurudi nyumbani kwa kina Baker?

Jibu: Kwa hiyo sevu hakuna. Fungua menyu uangalie sevu za zamani moja moja, kila moja inaonyesha ulikuwa wapi, ukipata yoyote ya uwanja ama testing area fungua hiyo. Kabla uendelee mbele, isevu kwa nafasi mpya, halafu anza na nyumba kubwa maana ndiyo ina vyumba vingi.