Namna ya Kutambua Kiima na Kiarifu katika Sentensi

Sentensi iliyokamilika humtaja mtu au kitu, kisha hutoa taarifa juu yake. Kinachotajwa ni kiima. Taarifa inayotolewa ni kiarifu, ambacho wengine hukiita prediketa. Wanafunzi wengi huzoeshwa kuchukua nomino ya kwanza kuwa kiima, nao hukwama mara tu mpangilio wa maneno unapobadilika. Kwa maoni yangu, mahali salama pa kuanzia ni kwenye kitenzi.

Tazama sentensi hii: "Kitabu hiki Asha alikisoma jana." Kitenzi "alikisoma" kina a- ya kiima, -li- ya wakati uliopita, -ki- ya yambwa (yaani kinachotendwa), mzizi -som- na kiishio -a. Kiambishi a- kinapatana na Asha, ilhali -ki- inarejelea kitabu. Kwa hiyo kiima ni Asha, ingawa kitabu kimetangulizwa ili kitiliwe mkazo, na yote yanayosemwa kumhusu Asha, yaani kukisoma kitabu hiki jana, ni kiarifu. Upatanisho wa kisarufi ndio unaoamua, hata pale kiima kisipotamkwa: "Wamefika" ni sentensi kamili, kwa kuwa wa- imekwisha kutaja wanaoarifiwa.

Hatua ya pili, inayosahaulika mno, ni kuhakikisha kwamba kitenzi ulichokipata kinaarifu kweli. "Mtoto amelala" inatoa taarifa. "Mtoto aliyelala" haitoi, kwa sababu kirejeshi -ye- kimekigeuza kitenzi kuwa maelezo ya nomino, na msikilizaji bado anasubiri kuambiwa mtoto huyo amefanya nini. Ukiongeza "hajala", ukapata "Mtoto aliyelala hajala", kiarifu ni neno hilo la mwisho peke yake. Yaliyotangulia yote ni kiima.

Penye kitenzi kishirikishi, yaani kinachounganisha kiima na sifa au hali yake, kama katika "Kisima hiki ni kirefu", kiarifu huanzia kwenye "ni". Hata hivyo, "Yeye mgonjwa" nayo huarifu bila kitenzi chochote.

Usikichanganye kiima na mtenda. Katika "Mti ulikatwa na fundi", u- inapatana na mti, basi mti ndio kiima japo fundi ndiye aliyekata. Vivyo hivyo, katika "Nyumbani kuna wageni", ku- ni ya mahali: kiima ni nyumbani, na wageni wamo ndani ya kiarifu.