SOMO: Kutoa barua pepe kwenye seva (kompyuta ya kampuni inayokutunzia barua) na kuziweka kwenye kompyuta yako bila kuzipoteza (kwa Thunderbird, programu ya kusomea barua pepe)

Wakuu salaam. Niko Tanga hapa, kazi yangu kutengeneza kompyuta, na hili somo naliandika kwa sababu wiki iliyopita nimemuona mtu mzima machozi yanamlengalenga. Mzee wangu mmoja wa Ngamiani ana kaofisi ka kutoa mizigo bandarini, kompyuta yake ikajaa, kijana mmoja akamwambia mzee tufute hizi imeili za zamani kwenye mashine maana kwenye seva si zipo, wakaingia kwenye setingi wakaweka barua yoyote iliyozidi siku 90 ifutwe. Asubuhi mzee anafungua simu, hamna. Anaingia kwa brauza, hamna. Miaka minne ya hati za mizigo na ankara za wateja wa Arusha na Moshi imekwenda.

Kijana hakuwa na nia mbaya, alichokosa ni kuelewa IMAP. Ukiunga akaunti kwa IMAP barua yenyewe inakaa kwenye seva, hiyo unayoiona kwenye Thunderbird ni kivuli chake tu, ukifuta kivuli umefuta na mwenyewe, na simu nayo inafuata. Pale kwenye setingi za akaunti, Synchronization & Storage kuna sehemu mbili zimekaa jirani na watu wanazichanganya kila siku. Ya juu inachagua barua za siku ngapi zishushwe kwenye mashine, hiyo haina madhara. Ya chini imeandikwa Disk Space, na imeeleza kabisa kwamba inafuta nakala ya kwenye kompyuta PAMOJA na barua ya kule kwenye seva, moja kwa moja. Jamani hapo chini acha kwenye Don't delete any messages, usipaguse.

Sasa twende.

Hatua ya 1. Angalia umebakiwa na nafasi gani. Bofya kulia kwenye Inbox, Properties, halafu Quota. Kama seva yako inatoa hiyo taarifa utaona umetumia kiasi gani. Gmail ya bure ni GB 15 ila unagawana na Drive na Photos, kwa hiyo picha za harusi zinaweza kukuzibia barua za kazi.

Hatua ya 2. Kwenye Local Folders tengeneza folda za miaka, 2021, 2022, hivyo hivyo. Local Folders ndo sehemu pekee humo ndani ambayo ni ya kompyuta yako kweli, seva haijui kama ipo.

Hatua ya 3, na hapa ndo pa kutulia. Chagua barua, bofya kulia, chagua Copy To, SIO Move To. Usibebe elfu tano kwa mpigo, beba mia mbili mia mbili, maana mtandao wetu unaujua, bando linakata katikati, umeme unarudi unakatika, ukija kuangalia umebaki na nusu na hujui nusu ipi. Kila fungu likimaliza hesabu idadi huku na huku, kisha fungua barua tatu nne zenye viambatisho, ufungue na PDF yenyewe uione. Yule mzee sasa hivi nimemfundisha anafanya mwenyewe, anaandika idadi kwenye daftari la mizigo, na mimi naona ndo njia nzuri kuliko zote.

Hatua ya 4. Funga Thunderbird, nakili folda nzima ya profaili (ndimo Thunderbird inamohifadhi barua na setingi zako) kwenye hadidiski ya nje. Kabla hujaifunga, itafute folda hiyo kwa Help, Troubleshooting Information, Profile Folder. Kompyuta ikifa bila hii umerudi kule kule kwa mzee.

Hatua ya 5. Hapo sasa ndo ufute kwenye seva, halafu bofya kulia kwenye folda, Compact, kwa sababu barua iliyofutwa inaendelea kula nafasi kwenye mashine mpaka ufanye hivyo.

Kitu kingine kinachokula bando na watu hawakijui: ukituma barua kwa IMAP inapanda mara mbili, mara ya kwanza kwenda kwa mtu, mara ya pili kujihifadhi kwenye Sent ya seva. Na kiambatisho kikisafiri kinavimba kama theluthi moja, kwa hiyo skani ya MB 9 inakuwa 12, mara mbili 24. Ndo maana unaona imeshatumwa lakini dirisha linang'ang'ania halifungi. Nenda Copies & Folders uiambie Sent iwekwe kwenye Local Folders. Kama ni Gmail toa kabisa tiki ya kuweka nakala, yenyewe inajiwekea.

MASWALI

Swali: Kaka, si bora nitumie POP (ile njia ya kushusha barua zote kwenye mashine) tu yaishe?
Jibu: Kama una kompyuta moja na husomi kwenye simu, sawa, POP kwa porti 995 (namba ya Port kwenye Server Settings). Ila weka tiki ya kuacha barua kwenye seva, la sivyo zikishashuka kwenye mashine simu inabaki tupu. IMAP ni 993.

Swali: Thunderbird inakataa paswedi ya Gmail na nina uhakika ni sahihi, nimechoka.
Jibu: Pole dada, paswedi yako haina kosa. Google hawapokei tena paswedi ya kawaida kwenye programu hizi. Nenda Server Settings, Authentication Method weka OAuth2 (unaingia kupitia dirisha la Google lenyewe), na huku kwenye seva ya kutuma barua (SMTP) weka hivyo hivyo, kisha ruhusu kuki (cookies, kumbukumbu ndogo za tovuti) ndani ya Thunderbird maana bila kuki dirisha la Google halimalizi.

Swali: Mimi nimeshafuta kama huyo mzee, ndo basi?
Jibu: Bado. Kuna laptopu nyingine yenye akaunti hiyo haijawashwa tangu ufute? KABLA hujaiwasha zima raouta, chomoa waya, kisha fungua Thunderbird ukopi kila kitu kwenda Local Folders. Ikigusa mtandao hata dakika moja inaanza kufuta nayo. Na leo hii hii wapigie wanaokuhosti (wenye seva ya barua zako) uwaulize kama wana bakapu, wengi wanazishika siku chache tu. Mzee wetu laptopu ya binti yake aliyeko Pongwe ilikuwa na barua hadi mwezi wa tatu, tumeziokoa hizo, za baada ya hapo anaomba nakala kwa wateja mmoja mmoja.