Kuchora nyambizi ndogo ambayo historia haikuijenga: hatua kwa hatua

Michoro mingi ya historia mbadala ninayoletewa niikague huanza na umbo. Mtu kachora mnara, kapachika mizinga miwili, ndipo anaanza kutafuta bahari ya kuitia. Anza kinyume chake. Katika mwongozo huu nachora nyambizi ya tani 250 kwa ajili ya Estonia ya miaka ya 1930, na karibu kila kipimo kitaamuliwa na Ghuba ya Ufini yenyewe.

Hatua ya 1: Pindisha historia mara moja tu

Mwaka 1933 Estonia halisi iliiuzia Peru destroya zake mbili. Baadaye ikaagiza nyambizi mbili, Kalev na Lembit, kwa Vickers-Armstrongs kule Barrow, Uingereza. Zilishushwa majini mwaka 1936. Zilikuwa kubwa, zaidi ya tani 600 kila moja, na zilitega mabomu ya majini.

Sasa tazama ng'ambo ya ghuba. Mwaka 1933, katika karakana ya Crichton-Vulcan mjini Turku, ilishushwa nyambizi ya tani 250 tu. Waliokuwa nyuma ya mchoro wake ni Wajerumani waliofanya kazi kupitia ofisi iliyosajiliwa Uholanzi, kwa sababu mkataba wa Versailles uliwakataza kumiliki nyambizi. Ufini iliichukua mwaka 1936 ikaiita Vesikko, nao Wajerumani wakapata kielelezo cha nyambizi zao za Aina ya II.

Basi Estonia yetu inaagiza Turku badala ya Barrow: nyambizi nne ndogo badala ya mbili kubwa. Hakuna mvumbuzi wa ajabu wala dhahabu iliyofukuliwa. Msomaji ataamini badiliko moja. Ukimpa kumi ataanza kukuhesabia.

Hatua ya 2: Soma maji kabla ya kushika rula

Kina cha wastani cha Ghuba ya Ufini ni mita 38 hivi. Nyambizi yetu ikiwa kwenye kina cha periskopu, mkuku wake (uti wa chini kabisa) uko kama mita 11 chini. Mara nyingi kilichobaki chini yake hakizidi urefu wa nyambizi yenyewe, na akizama kwa pembe kali nahodha atachimba tope kwa omo, yaani pua ya nyambizi. Kwa hiyo uwezo wa kuzama mita 150 ni fahari tupu hapa. Mimi naandika mita 80, halafu uzito niliookoa nautia kwenye mkuku mnene ili nyambizi iweze kulala chini na kungoja.

Baridi nayo usiisahau. Ghuba huganda, kwa hiyo rafadha na usukani viwe chini kabisa, na hadithi yako isiwe na doria za Februari.

Hatua ya 3: Weka topido kwanza, mengine yaizunguke

Topido (kombora linalosafiri chini ya maji) yenye kipenyo cha sentimita 53.3 ina urefu wa mita 7 na kitu, na uzito wa tani 1.5 hivi. Bomba la kurushia linahitaji mita 7.5. Nyuma yake unahitaji nafasi nyingine kama hiyo ya kuvuta topido ya akiba na kuiingiza. Hapo mita 15 zimekwisha, na nyambizi nzima ina mita 41. Vesikko ilikuwa na mabomba matatu omoni na topido tano. Nami sivuki hapo, na tezini, yaani nyuma, siweki kitu.

Chumba hicho cha mbele ndicho pia malazi. Topido mbili za akiba zinakaa pale pale watu wanapolala na kula, na mpaka zirushwe hakuna anayeweza kusimama wima kwa raha. Ukiandika hadithi, hapo pana ukurasa mzima wa bure.

Unaweza kushuka hadi topido ya sentimita 45, kama Saukko ya Wafini, nyambizi ya tani 99 iliyofinywa hivyo kwa sababu ya kikomo cha tani 100 kwa meli za kivita katika Ziwa Ladoga. Lakini kwa mlengwa mwenye meli kubwa pale Kronstadt, kituo cha jeshi la majini la Wasovieti, sishauri.

Hatua ya 4: Ganda

Chukua kipenyo cha mita 4. Kwenye mita 80 shinikizo ni kama megapaskali 0.8. Zidisha kwa nusu kipenyo (mita 2), gawanya kwa unene wa bati. Bati la milimita 10 linakupa mkazo wa megapaskali 160, na chuma cha kawaida cha meli cha wakati ule kinastahimili. Hesabu hiyo haigusi hatari ya ganda kubonyea kati ya taruma (ubavu wa ndani) na taruma, kwa hiyo panga mataruma karibu karibu. Kuongeza milimita 2 tu kwenye ganda la mita 30 ni tani 6.

Hatua ya 5: Mizani ya uzito

Hapa ndipo wengi wanakimbia. Jedwali langu, kwa tani: ganda na mataruma 95, injini na mota 45, betri 40, silaha 18, mafuta 12, farumi (uzito wa kusawazisha) ya kudumu 10, watu na chakula na maji 5, vifaa vingine na akiba 25. Jumla 250. Ukijaza maji matangi makuu ya farumi zinaongezeka tani 50, nayo inazama.

Kisha chumvi. Maji ya ghuba yana chumvi kidogo sana; ni mepesi kuliko ya bahari kuu kwa takriban asilimia 2. Kwa nyambizi ya tani 250 hiyo ni tani 5, yaani uzito wa watu na chakula chote kwenye jedwali. Ikitoka kwenda Atlantiki lazima ibebe tani hizo katika matangi ya kusawazisha, la sivyo haizami. Chora matangi hayo.

Hatua ya 6: Betri na usiku mfupi

Kwa maili 4 za baharini kwa saa, ipe saa 9 chini ya maji. Ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu inayotakiwa ni mara nane: saa moja na dakika chache, na kwa kuwa betri ya risasi ikikamuliwa haraka hutoa pungufu, hata hiyo saa usiiahidi. Kuchaji kunataka giza na injini ya dizeli juu ya maji, na mwezi Juni kule hakuna giza la maana. Waholanzi walitia bomba la hewa, linaloiwezesha dizeli kufanya kazi nyambizi ikiwa chini ya maji, kwenye nyambizi zao O 19 na O 20 mwishoni mwa miaka ya 1930, na utatamani kuliazima. Usiliazime. Ugumu huo ndio hadithi yako.

Hatua ya 7: Mnara, rangi, namba ubavuni

Mnara mfupi, bunduki moja ndogo ya kutungulia ndege, watu 20. Basi.

Hatua ya 8: Juni 1940

Katika historia halisi Wasovieti waliichukua Estonia na nyambizi zake, na Lembit ikapigana chini ya bendera yao. Zako nne ziko wapi asubuhi hiyo? Helsinki iko kilomita 80 tu. Mimi mbili nimezipeleka huko, moja imezamishwa na mabaharia wake wenyewe nje ya Tallinn, na ya nne iko karakanani, betri zimetolewa, haiwezi kwenda popote.