Kuonyesha vaisi kwenye setapu zaidi ya moja bila kujichanganya

Kama unaandaa kazi ya CNC (mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta) kwenye programu ya Fusion na kipande kinageuzwa ili kikatwe upande wa pili, hii lazima umekutana nayo, setapu ya kwanza (yaani mkao wa kwanza wa kipande kwenye mashine) vaisi, kile kibano kinachoshika kipande, imekaa vizuri kabisa, ukiingia ya pili vaisi bado iko palepale chini wakati kipande sasa kinatakiwa kilale kichwa chini. Wengi wanaanza kuwasha vaisi hii na kuzima ile kwenye skrini. Mimi pia nilikuwa huko mpaka siku holda (kishikio cha kisu) ilipogonga taya ya vaisi, na kwenye skrini hakukuwa na taya yoyote kwa sababu nilikuwa nimeizima mwenyewe asubuhi nikasahau.

Dawa yake ni kila setapu iwe na picha yake. Ukiwa upande wa Manufacture (sehemu ya programu ya kupanga ukataji) unatengeneza "Manufacturing Model", moja ya setapu ya kwanza na nyingine ya setapu ya pili, uzipe majina yanayoeleweka. Hiyo ni kama nakala inayofuata mchoro wako, ukibadilisha tundu kwenye mchoro wa asili nakala nazo zinabadilika, ila vaisi utakayoiingiza humo ndani haiendi kuchafua mchoro. Halafu kwenye kila setapu unachagua modeli yake.

Sasa sikiliza hapa maana ndipo watu wanapoharibu. Usigeuze kipande, geuza vaisi. Najua inaonekana kichekesho, vaisi inaning'inia juu chini kwenye skrini, lakini kipande kikibaki palepale kwenye modeli zote mbili, ukiweka stoki (malighafi inayokatwa) ya setapu ya pili kuwa "From Preceding Setup" inapokea kile kilichobaki kwenye ya kwanza, na kinakaa mahali pake. Ukisogeza kipande unaweza kukuta stoki iko huku na kipande kiko kule. Kwa hiyo kipande kifungie kwanza (Ground), halafu vaisi ndiyo unaileta kwa joint (kiungo cha kuunganisha sehemu kwenye programu). Mwelekeo wa Z (juu na chini) unaupanga kwenye WCS ya setapu, yaani mfumo wake wa X, Y na Z, mashine haijali vaisi imeonekanaje kwenye skrini.

Tuchukue mfano, kipande cha 80 x 50 x 25 mm kinachotoka kwenye stoki ya 86 x 56 x 30. Juu unafesi (unasawazisha uso) 1 mm, chini zinabaki 4 za kushikia. Taya zishike 3 tu, hapo ukikata pembeni unaweza kushuka 0.3 mm chini ya kipande na bado una 0.7 kabla ya kugusa chuma cha vaisi. Ni kidogo, ndiyo maana nataka taya zichorwe kwa vipimo vya vaisi uliyonayo kweli, paralelo nazo (vile vyuma vya kuinulia kipande ndani ya vaisi), sio vaisi yoyote uliyoidaunlodi. Setapu ya pili unashika pande zilizokwisha kukatwa, kwa hiyo taya zinafunga kutoka 56 mpaka 50, na hili watu wanalisahau sana, wanaacha taya zimepanuka vilevile. Ukiweka joint ya slider (ya kuteleza) kwenye taya inayotembea ni kubadilisha namba tu. Ziro ya Z iweke kwenye uso uliolala juu ya paralelo, unene wa 25 utatoka sawa hata kama ile 4 ya kushikia, ambayo sasa iko juu, haikuwa 4 kamili.

Kwenye dirisha la setapu, sehemu ya Model chagua kipande peke yake. Ukiacha wazi programu inachukua kila kitu na boksi la stoki linameza vaisi nzima, utacheka. Halafu washa Fixture, chagua taya, mwili wa vaisi na klempu. Bolti ndogondogo na nyuzi futa, zinafanya kompyuta iwe nzito bure, ila mpini wa vaisi usiufute kama huwa unaacha umechomekwa.

Kuchagua Fixture hakumaanishi kila njia ya kisu itaikwepa, hasa zile za 2D, hizo urefu wa kupanda na kushuka unaupanga mwenyewe. Endesha simulesheni ukiwa umewasha holda na "Stop on Collision", ikigonga inasimama na alama nyekundu inatokea chini kwenye mstari wa muda. Anza na setapu ya pili, huko taya zinashika juu zaidi na holda inashuka karibu.