Usifyeke hicho kisiki, mti bado uko hai

Wengi wetu tukitaka kurudisha miti kwenye eneo lililochoka tunakimbilia kitalu, mashimo, miche mia mbili, maji ya kubeba, alafu kiangazi kikipita unahesabu iliyobaki roho inakuuma. Mi nakuomba kitu kimoja, kabla hujachimba hata shimo moja lipite hilo eneo taratibu ukiwa umeinama. Utaona visiki vifupi ambavyo kila msimu unavifyeka pamoja na majani ukidhani ni vichaka tu. Kwangua gome na ukucha, ukikuta ubichi wa kijani ujue huo ni mti kamili, juu ndo umekatwa ila chini una mizizi ya miaka mingi iliyoshafika kwenye unyevu, na mche wa kitalu hapo haufiki leo wala kesho.

Kule Niger, upande wa Maradi, mwaka 1983 Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, alikuwa amepanda miche miaka kadhaa na mingi ikawa inakufa, mpaka siku alipogundua kwamba ile ardhi inayoonekana tupu imejaa visiki hai. Wakulima wakaanza kuchagua machipukizi na kuyatunza, na miaka kama 20 baadaye miti ilikuwa imerudi kwenye mashamba ya karibu hekta milioni 5.

Kazi yenyewe ni hivi. Kisiki kinaweza kutoa machipukizi 10 hata 20, chagua matatu mpaka matano yaliyonyooka na yenye afya, mengine toa. Hayo uliyobakiza pogoa matawi ya chini, usivuke nusu ya urefu, na panga liwe kali, kata kutoka chini kwenda juu maana ukikata kwa juu kwenda chini tawi linaning'inia linachana gome na hapo ndo ugonjwa unapoingilia. Baada ya miezi michache rudi tena, kisiki hakiachi kuchipua. Yale matawi yenye miiba usichome, zungushia machipukizi yako ili mbuzi wasiyamalize.

Sasa kama hakuna kisiki kabisa? Hapo unategemea mbegu zilizolala udongoni na zile zinazoletwa na upepo, ndege na mifugo, na hapa ndo watu wanakosa uvumilivu. Mwaka wa kwanza yataota magugu ya msimu mmoja, shamba litaonekana limetelekezwa, majirani watasema, we acha tu, hayo magugu yanazuia matone ya mvua yasiupige udongo moja kwa moja. Zitafuata nyasi za kudumu, alafu vichaka vya miiba, na hapo kwenye miiba mtu anachukua panga anasafisha eti pori limezidi. Jamani, piga magoti uchungulie chini ya hicho kichaka kwanza. Ndege alitua juu akaacha mbegu, chini kuna kivuli na majani yaliyooza, ng'ombe hawezi kuingiza mdomo, utakuta miche ya miti ambayo hujawahi kuipanda imejificha pale inakua. Ikishakipita kichaka kwa urefu itakinyima jua na kichaka kitapungua chenyewe.

Ila uoto haurudi kwa njia moja kila mahali, na kuacha eneo bila kuliangalia siyo kulitunza. Moto wa kila mwaka unaua miche kabla haijapata gome nene, mnabaki na nyasi tu. Mifugo ikizidi nayo inamaliza nyasi, udongo unabaki wazi, miiba inajaa mpaka hapapitiki. Na mimea vamizi kama lantana (kile kichaka cha maua ya rangi rangi) au mathenge (prosopis, mti wa miiba) ing'oe ikiwa midogo, na mizizi yake, maana ikishatoa mbegu utahangaika nayo miaka. Alafu kama eneo lenu tangu asili ni mbuga ya nyasi msilazimishe msitu, nyasi nazo ni uoto wa asili.

Muda nao usikudanganye. Kwenye maeneo ya tropiki ambayo yalikuwa msitu, utafiti wa mashamba yaliyoachwa umeonyesha rutuba ya udongo inaweza kukaribia ile ya msitu wa zamani ndani ya miaka 10, lakini mchanganyiko wa aina za miti unachukua zaidi ya miaka 120, kwahiyo ule mti mkubwa wa mwisho uliobaki usiuguse, ndo mama wa mbegu na ndo ndege wanapotua.

Kwa vile mabadiliko ni ya polepole macho yatakwambia hakuna kinachoendelea. Chomeka kigingi sehemu moja, kila mwaka mwezi uleule simama hapo hapo upige picha na simu ukielekea upande uleule, alafu hesabu machipukizi na miche kwenye hatua kumi mbele ya kigingi uandike. Mwaka wa tatu ukiweka hizo picha pamoja utajua eneo linaelekea wapi, na kama miche haiongezeki anza kuangalia nani anaipitia, moto au mbuzi.